Daktari wa Benchi la Nje

Chekeni tu, nimeshazoea. Nina mwezi mmoja Songea, nauza mitumba, na wiki iliyopita bawasiri ilininyima hata kukaa. Nikaenda hospitali ya serikali. Kumbe siku hizi huko nako mgonjwa anachangia! Dirisha hili uchukue kadi, dirisha lile ulipie, kisha foleni. Mimi, mtoto wa soko, nipange foleni? Nikamwona mzee mwenye koti jeupe, ametulia kwenye benchi la nje.

“Shikamoo, daktari. Tumalizane hapa hapa, unipunguzie.”

“Marahaba. Nikupunguzie nini tena?”

Nikajua anapandisha bei. Nikamweleza yote, inavyowasha, inavyotoka, hadi ninavyolala kifudifudi. Akanisikiliza kwa huruma kweli. Nikasimama, nikalegeza mkanda nimwonyeshe. Hapo muuguzi akatokeza mlangoni.

“Wauza nyama, njooni mpimwe afya!”

Daktari wangu akainuka.

“Pole sana, mwanangu,” akasema kwa sauti ya kuitia wateja, foleni nzima ikageuka. “Mimi nina bucha Mjimwema. Ila hiyo bawasiri usiichezee, kamwonyeshe daktari.”