Kibonde cha Grini ya Tisa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye mtunzaji mkuu wa kiwanja cha gofu cha manispaa. Kiwanja chetu ni cha kila mtu. Anayetaka kucheza anacheza, anayetaka kukatiza na ndoo yake kichwani anakatiza, na mchezaji anamsubiri apite. Mimi naendesha mashine ya kukata nyasi. Yeye anahamisha mashimo.

Asiyejua anadhani shimo la gofu likishachimbwa limechimbwa. Sivyo. Watu wakikanyaga mahali pamoja kila siku nyasi zinakufa. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji huzunguka grini zote, yaani yale maduara ya nyasi fupi kama zulia. Anatoboa shimo jipya kwa chuma cha mviringo, na kipande anachokitoa anazibia shimo la jana. Anakishindilia kwa kiganja, anakimwagia maji, anarudi nyuma kutazama. Kiraka kikionekana, siku hiyo haongei na mtu. Watu wanamwita Bwana Shimo. Jirani mmoja alidhani ni mchimba makaburi, akawa anamsalimia kwa heshima sana.

Shemeji ana sheria moja. Grini ya tisa ina kibonde katikati, na humo shimo haliwekwi. Mvua ikinyesha maji yanatuama, na hata kukiwa kukavu kila mpira unateremkia humo wenyewe.

"Shimo la humo," husema, "ni la kuwafurahisha wavivu."

Tatizo ni kwamba hajawahi kucheza gofu hata mara moja, na nyumbani alishasema anacheza. Ilianza siku dada alipomuuliza mbele ya ndugu zetu kama kazi yake ni kufukua tu. Akajibu kwamba anacheza pia. Wakamuuliza kama anacheza vizuri.

"Wananiogopa," akasema.

Dada ana saluni. Tangu siku ile hakuna mteja aliyetoka na nywele zake bila kuambiwa.

Basi manispaa ikatangaza siku ya wakazi wote kuja na familia zao, wajaribu kusukuma mpira kwenye grini ya tisa. Nilimpelekea shemeji habari kwamba dada anakuja kumwona akicheza. Alikuwa amepiga magoti akiziba shimo. Hakuinuka.

"Anakuja na nani?"

"Saluni nzima."

"Shemeji, mwambie dada yako naumwa."

"Unalala naye chumba kimoja. Mwambie mwenyewe."

Asubuhi ya siku yenyewe nilipofika na mashine yangu grini ya tisa, bendera inayoonyesha shimo ilikuwa imesimama katikati ya kibonde. Nikazima mashine. Shemeji alikuwa anafuta chuma chake, uso kama wa mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Usiseme kitu," akasema.

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

Dada alifika na wenzake, wote wamependeza. Shemeji akaishika fimbo kwa mikono miwili, akatanua miguu, akaupiga mpira kwa ubavu. Ukaenda kombo, ukasita, kisha ukakumbuka mteremko na kutumbukia shimoni. Saluni ikapiga makofi. Dada akanitazama kifua mbele, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Mambo yangeishia hapo ingekuwa salama. Lakini kiwanja chetu ni cha kila mtu. Muuza mitumba akasukuma mpira, ukaingia. Bibi mmoja akakataa fimbo, akausukuma kwa mkongojo wake, ukaingia. Msusi mmoja wa dada alisukuma huku anaongea na simu, hata hakutazama. Ukaingia. Mwisho dada akasukuma wake. Nao ukaingia.

Hakuna aliyepiga makofi. Dada akakitazama kibonde, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, hawa wanaokuogopa ni akina nani?"

Shemeji akaishusha fimbo.

"Na fimbo umeishika kama fyekeo."

"Sijawahi kucheza," akasema, mbele ya saluni nzima. "Mimi nahamisha mashimo tu. Na hili nimeliweka vibaya."

Akachukua chuma chake, akapanda juu ya mwinuko, akatoboa shimo jipya mahali panapostahili. Akarudi na kipande, akaziba lile la kibondeni. Akashindilia, akamwagia maji, akarudi nyuma. Dada alimfuata hatua kwa hatua.

"Lile la kwanza lilikuwa wapi?" akauliza.

"Hapo ulipokanyaga."

Akainua mguu. Akainama, akapapasa nyasi kwa vidole vinavyosuka nywele kila siku.

"Mbona sioni?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Siku hizi dada anafunga saluni mapema Jumamosi, anakuja kucheza. Hajui kucheza. Kila akikosa anamgeukia mumewe, fimbo kiunoni.

"Hivi hili shimo umeliweka wapi?"

"Mahali pake," anajibu shemeji, na anaendelea kumwagia maji.