Daraja Lililopakwa Asali

Gati la Hell-Ville, kisiwani kwetu, lilikuwa limeshabaki nyuma, boti imeshika njia ya Mahajanga, nchi kubwa, ndipo mwalimu Hadjira akanionyesha picha ya daraja linalopakwa asali.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kaka Chaher, nguzo ya kati ina dua ya Kiarabu. Inapakwa asali kila Ijumaa. Nataka uisome."

Ilikuwa 1984, miezi michache baada ya kimbunga. Hadjira alikuwa akizunguka kuandika historia ya madaraja ya kwetu: nani alijenga, lini, kwa namna gani. Atoe kijitabu cha shule, na picha za kutundika watu waone. Mimi nilimbebea kamera. Shule ya Wafaransa niliikimbia mapema, lakini chuo cha Kurani nilikaa. Herufi za Kiarabu nazijua.

Daraja lenyewe dogo tu, la zege, njia ya Boanamary. Tulifika saa mbili asubuhi. Saa tatu lori la dereva Houssen lingetokea ng'ambo na wanafunzi thelathini na wanane. Hadjira mwenyewe ndiye aliyewaita, waje waone daraja lao linavyoandikwa.

Pale tukamkuta Chamsia, mama wa Kisakalava, wenyeji wa pwani ile, mtunza dua. Madereva wote walimjua. Unapiga honi tatu, unasubiri. Mama akiinua mkono, unapita. Asipoinua, hupiti.

"Umetawadha?" akaniuliza.

"Nimetawadha, mama."

"Vua viatu. Na mkono wa kushoto usiguse."

Maji yalikuwa yamekupwa. Nikashuka, nikafuta asali na vumbi taratibu. Herufi zikatokea, safi ajabu, kama zimechongwa jana.

Nikaanza kusoma kwa sauti. Nikarudi mwanzo.

Haikuwa dua. Haikuwa hata Kiarabu. Kilikuwa Kikomoro, kwa herufi za Kiarabu tu:

"Mimi Assoumani, msimamizi wa ujenzi. Nguzo hii haikufika mwamba. Nilisema, wakubwa hawakusikia. Mchanga ukishuka chini ya mstari huu, msipitishe gari."

Mstari ulikuwepo. Usawa wa kifua changu.

Mchanga ulikuwa nyayoni mwangu, chini kabisa ya mstari. Uliokuwa juu, kimbunga kilikuwa kimeukomba wote.

Honi. Moja. Mbili. Tatu.

Sijui nilipandaje ule ukingo.

"Mama, usiinue mkono! Si dua, ni onyo! Nguzo haijasimama juu ya kitu!"

"Unaitukana dua yangu mbele yangu?"

Hadjira alikuwa ameganda, mikono kichwani. Ng'ambo Houssen ametoa kichwa dirishani.

"Mama Chamsia! Inua basi! Hawa watoto wanaimba tangu kwao, sina masikio tena!"

Mkono wa mama ukaanza kupanda. Mazoea.

Kumshika mwanamke wa watu mkono, tena mkubwa kwangu, sikuthubutu. Nikasema la mwisho nililokuwa nalo.

"Mama, imeandikwa na Assoumani."

Mkono ukasimama usawa wa bega. Ukashuka.

"Leo mama amesinzia!" Houssen akapayuka. Watoto wakaangua kicheko. Akasogeza lori kumtania, magurudumu ya mbele yakaingia darajani.

Daraja likaguna.

Katikati pakazama kama shubiri moja, mbele ya macho yetu. Wimbo ukakatika. Houssen akarudi nyuma, injini inalia, mpaka nyuma ya lori ikaingia kichakani.

Watoto wakashuka mmoja mmoja. Hadjira akawahesabu kutoka ng'ambo hii, kwa kidole, mara tatu.

Chamsia alikuwa amekaa chini barabarani.

"Assoumani ni mume wangu," akasema. "Mwaka ule Wakomoro walipofukuzwa nchini na kupakiwa kwenye ndege, aliniambia: lile andiko lisifutwe mpaka aje wa kulisoma. Askari akamsukuma kabla hajamaliza. Na watu walikuwa wanafuta kila jina la Mkomoro. Nikawaambia ni dua. Dua nani atafuta?"

Akajifuta uso.

"Nilidanganya miaka saba, mpaka nikauamini uongo wangu."

Mimi namwelewa. Waliojua kusoma walikuwa wamefukuzwa. Kati yetu wachache tuliobaki, waliopita pale juu waliitikia amin tu, hakuna aliyeshuka kutazama. Wanangu, kumbukumbu ya wazee wenu msiishie kuitunza. Isomeni, na msipojua, mtafuteni anayejua upesi, angali hai.

Daraja lilianguka alasiri ile ile, halina mtu. Jipya lilijengwa baada ya miaka miwili. Kijitabu cha Hadjira kilitoka, andiko lipo ukurasa wa kumi na moja. Yeye amestaafu, yuko Marodoka. Houssen aliacha lori, akafungua duka Mangarivotra, akafariki kwa sukari. Assoumani tulikuja kusikia alishakufa Moroni mwaka 1979. Chamsia alifariki 1991. Mimi nilipita Mayotte, Mombasa, Tanga. Sasa niko Dar, naandika haya kwa kidole kimoja.