Maandishi Chini ya Filamu ya Baba

Ujinga huu niliufanya mwenyewe, sikushauriwa na mtu. Nilitoka nyumbani hadi stendi, safari ambayo kwa mtu wa kukaa ndani kama mimi ni sawa na kuhama mkoa, nikamkuta jamaa anayeingizia watu filamu kwenye flashi. Nikamwomba ile filamu ya Kihindi ya utoto wetu. Akaniuliza kama naitaka kavu kavu au yenye maandishi ya Kiswahili chini. Nikasema ya maandishi, nikajiona msomi. Kidato cha nne kiliniachia vitu vichache, na kimojawapo ni kupenda kusoma hata pasipohitajika.

Nilichosahau ni kwamba kwetu, maandishi ya Kiswahili alikuwa baba.

Tulipokuwa wadogo, mtaa mzima hapa Singida mjini ulikuwa na deki moja ya kanda za video, na deki hiyo ilikuwa kwetu. Kanda iliyofaa kuangaliwa na wakubwa na wadogo pamoja ilikuwa moja pia: filamu ya nyimbo, ya baba mmoja mpiga kinanda anayezunguka vijijini na watoto watano, mbuzi na mkokoteni. Kila Idd pili, pilau ikishashuka tumboni, majirani walikuja na mikeka yao, Waislamu kwa Wakristo, viatu vikajaa barazani. Baba alisimama kando ya runinga na fimbo yake ya yadi, akatueleza kila neno lililosemwa na kila wimbo ulioimbwa.

Baba alijua Kihindi. Ujanani alipima vitambaa kwenye duka la Mhindi kwa miaka tisa, sasa nani angembishia? Kuna jirani alinunua cherehani iliyokuja na kijitabu cha herufi zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba. Akamletea. Baba akavaa miwani, akapitia kurasa mbili kimya, akasema imeandikwa msiiache ikalowa. Sijawahi kusikia cherehani iliyoupinga ushauri huo. Heshima ikapanda.

Siku hizi baba haendi mbali. Duka lake mwenyewe alishalifunga, na watu humpa shikamoo bila kupunguza mwendo. Kilichobaki cha kumsimamisha mtu mlangoni kwetu ni hicho Kihindi chake. Bado wapo wanaomletea kopo la mafuta ya nywele awasomee. Nilichotaka mimi, Idd pili ya mwaka huu, ni kumwona tena kando ya runinga, watu wakimsikiliza.

Nilialika wengi, wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa binti yangu wa kidato cha pili, aliyekuja kwa sababu bando lake lilikuwa limeisha. Wa pili ni jirani yangu, mwenzangu wa rika, anayekamua alizeti kwenye mashine iliyo njia ya Ikungi. Hata siku ya sikukuu ananukia mashudu. Ni Mkristo, lakini pilau yetu ya Idd hajawahi kuikosa tangu alipoletwa kwa shangazi yake, nyumba ya pili kutoka kwetu, akiwa na miaka saba. Walikuwa wametoka kumzika mama yake kijijini Iguguno wiki chache tu kabla. Idd ile ndiyo aliyokaa kwenye mkeka wetu mara ya kwanza, na tangu hapo hajanionea haya hata siku moja. Alipoingia alimpigia baba goti, shikamoo mzee, kisha akanigeukia akasema kochi letu limeanza kuchukua umbo langu.

Nikachomeka flashi. Baba hakutaka kukaa, alisimama pale pale pa zamani, fimbo mkononi. Mpiga kinanda akatokea, akawakemea wanawe. Baba akakohoa kidogo, akasema hapo anawaambia wamheshimu mwalimu. Chini ya picha pakaandikwa: "Mbuzi amekula kofia yangu."

Binti yangu akanitazama. Mimi nikaitazama rimoti, ambayo kati ya vitufe vyake vyote navijua viwili, cha kuwasha na cha kuongeza sauti. Nikaongeza sauti. Baba hakuwa na miwani, kwa hiyo aliendelea kwa raha zake, na maandishi nayo yakaendelea kumkana, mstari kwa mstari. Nikachukua kopo la maua ya plastiki mezani nikaliweka mbele ya runinga. Likaziba nusu. Nusu iliyobaki nikaiziba mwenyewe, nikijifanya nafuta vumbi. Jirani yangu alikuwa anakula pilau, macho kwenye kioo, hasemi neno. Kwa yeye kutosema neno, nilijua anasoma.

Huku nafuta vumbi lisilokuwepo, niliiangalia ile filamu kwa ubavu, na niseme ukweli: imezeeka vibaya kunishinda mimi. Mbuzi tuliyemlilia kumbe ni mbuzi watatu, maana kila wimbo ana rangi yake. Kwenye ugomvi, sauti ya ngumi inafika kwanza, ngumi yenyewe inakuja baadaye. Yule mpiga kinanda, niliyewahi kumwomba Mungu anigawie awe baba yangu wa pili, ni mtu mzima asiye na nyumba, watoto hawaendi shule, na kila tatizo likija yeye anaimba. Binti yangu akauliza, "Kwani huyu baba hana kazi?" Halafu kuna shangazi yao mkali, tuliyekuwa tunamzomea hadi mate yanakauka. Jamani, ndiye peke yake anayepika kwenye filamu nzima! Anawapigia kelele waache kuimba waje kuteka maji, nami nikajikuta naitikia kwa kichwa. Hata kilemba anafunga kama mimi.

Lakini ulipofika wimbo wa mkokoteni, mguu wangu ulianza bila ruhusa. Jirani yangu akauimba wote, kwa Kihindi ambacho hakuna Mhindi angekitambua, na binti yangu, asiyecheka kitu kisichotoka kwenye simu, alicheka. Hapo nikasahau kuziba.

Ndipo ukaja ule wimbo wa taratibu. Binti mkubwa wa mpiga kinanda amekaa peke yake juu ya mkokoteni, jua linazama. Enzi zile akina mama wote walikuwa wanafuta macho kwa ncha za khanga hapo. Baba akashusha sauti kama zamani. Akasema hapo ni mama yao, yuko mbali, anawatumia salamu: kuleni, ogeni, msigombane, nawaona.

Binti yangu akasoma kwa sauti, bila ubaya wowote, kama anavyosoma darasani. "Bangili, njooni mnunue bangili. Nyekundu kwa bibi harusi, kijani kwa dada yake." Kisha akasema, "Babu, huyu anauza bangili."

Wimbo ukaendelea wenyewe. Baba aliomba miwani yake. Nilimpa, ningefanyaje. Akasogea, akalihamisha kopo langu la maua, akasoma bangili zote hadi mwisho. Alivyoinama pale nilijiona nimemvua kanzu mbele za watu.

"Mimi Kihindi changu ni namba, rangi, na matusi ya bosi," akasema. "Nyekundu na kijani nilizisikia tangu siku ya kwanza. Nilijua hapo hakuna mama."

Akavua miwani, akaifuta kwenye kanzu.

"Ila siku ile kulikuwa na mtoto kwenye mkeka."

Hakumtazama mtu. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, bila simu wala kitabu, anasoma vidole vyake. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule na kitambaa cha vumbi. Jirani yangu akaweka sahani chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama anayemaliza kazi mashineni. Nikajua sasa Kihindi cha mzee kinahukumiwa, na hakimu ni yule mtoto wa kwenye mkeka. Akanielekezea mimi kidevu, akasema:

"Huyo aliyeandika hapo chini hajui kitu. Toa hayo maandishi yako, rudisha wimbo mwanzo mzee aseme, na wewe kaa chini, mgongo wako umeziba runinga nzima."