Mayai Mengi

Wifi yangu ni msusi, na mkono wake ni mwepesi. Watu hupanga foleni kwenye benchi la saluni yake, wengine na watoto wamelala mgongoni, wakimsubiri yeye tu. Ila yeye mwenyewe nywele za utosini zilianza kumtoka, akawa havui kilemba. Wateja hawana dogo. "Kinyozi hajinyoi!" walimtania, naye akacheka nao. Hawakujua kwamba kinyozi huyu alikuwa akijinyoa kila asubuhi, mlango wa bafu umefungwa, ndevu kidevuni kama za kaka yangu. Na siku zake zilikuwa zinakuja zikijisikia: miezi kadhaa kimya, kisha zinamwangusha kitandani.

Kaka yangu, dereva wa lori, ndiye mumewe. Mimi sijaolewa, naishi nao pamoja na mama yetu, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasimulia kama ilivyokuwa. Ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa nne bila mtoto. Mama hakuwahi kumtukana. Alikuwa akisema tu, tukila, "Nyumba hii ina kimya sana," na wifi anaacha chakula. Aliogopa jambo moja, na aliniambia waziwazi: kurudishwa kwao.

Hospitali tulikwenda watatu. Mama aling'ang'ania kuingia chumba cha kipimo. Mimi nikabaki mlangoni na mikoba. Daktari, mama mmoja mpole, akampitisha kile kidude tumboni, akatazama kioo, akasema, "Ovari zako zina mayai mengi madogomadogo, lakini..."

Mama hakungoja hiyo lakini. Alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka dirisha la dawa. Nesi alikuja mbio, akamshika mkono, akamtoa nje, na Mama alitoka anacheza. "Mayai mengi!" akaniambia, machozi yanamtoka. "Kumbe tumekalia hazina!"

Sentensi ya daktari wifi aliisikia yote peke yake, akaja kunisimulia jioni. Mayai ni mengi kwa sababu hayapevuki. Yanakaa tu humo. Homoni zimevurugika, ndiyo maana ndevu, ndiyo maana nywele. Ni hali ya kuishi nayo. Dawa zipo, na wengi hupata watoto, ila wengine huchelewa sana na wengine hawapati. Daktari hakuweza kumwahidi. Alipotoka mle ndani Mama alimkumbatia mbele ya wagonjwa wote. Kusema pale kungekuwa kumnyang'anya mtu tonge mdomoni. Akanyamaza.

Basi Mama akatangaza. Jirani wa kulia, jirani wa kushoto, muuza mkaa, mashangazi kwenye simu. Saluni ikajaa pongezi. "Tuandalie mapacha!" Wifi anasema asante, asante, mikono ikiendelea kusuka. Nyumbani alipewa kipande kikubwa cha nyama, na akigusa ndoo ya maji, Mama anamnyang'anya. Nilikasirika mpaka kichwa kikaniuma.

"Wifi, sema, au nitasema mimi," nikamwambia.

"Thubutu! Ngoja kaka yako arudi safari."

Kaka akarudi. Walizungumza chumbani, na ukuta wetu ni mbao tu, wala sikuziba masikio. Wifi alimweleza yote. Kaka akamwambia hamwachi, awe na mtoto asiwe naye, na mimi namwamini. Lakini akaongeza, "Ila Mama usimwambie. Sijamwona akicheka hivi tangu baba afariki. Mwache afurahi."

"Na mimi nikalilie wapi?" wifi akauliza.

Kaka akazima taa. Ni mtu mwema, kaka yangu, lakini siku ile ningempiga kofi.

Jumapili Mama alitaka kusukwa. Alikaa mkekani, wifi kwenye kigoda nyuma yake, kichwa cha Mama katikati ya magoti yake, uso umeelekea uani. Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. Nilimwona wifi akivuta pumzi.

"Mama," akasema, mikono haijasimama, "yale mayai hayapevuki."

"Unasemaje?"

"Daktari hakuwa amemaliza kusema. Ni ugonjwa, Mama. Huenda nikazaa, huenda nisizae. Mume wangu anajua. Nimeshaanza dawa."

Niliacha maharage. Nilingoja Mama aseme neno, lolote lile, pole au ondoka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wifi hakuweza kuuona uso wake. Mimi niliuona, na sitaki kuueleza.

"Na mimi nimeshawaambia watu wote," Mama akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, Mama. Walikuja kunipongeza. Niliwaambia asante, mmoja mmoja."

Bila kugeuka, Mama akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akaupata mguu wa wifi, akaushika kwa nguvu. Hapo ndipo mikono ya wifi iliposimama. Alilia kwa sauti, kilio ambacho alikuwa amekibana tangu hospitali, kilemba kikamdondoka mkekani na hakuna aliyekiokota.