Mchezo Tulioubeba Kichwani

Wajukuu wangu wakiliona jukwaa letu la saruji, lenye paa la bati na mapazia ya kuvuta, wanadhani kikundi chetu cha maigizo kilianzishwa na mtu mwenye kalamu. Hapana. Kilianzishwa na wanawake tisa wenye majani kichwani, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Anayebisha aje nimwambie.

Kwetu mlimani, juu ya Moshi, ng'ombe hachungwi. Anakaa ndani na chakula kinamfuata. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya nyumbani, vimejaa migomba na kahawa, pa kuotesha majani hapapo, kwa hiyo tuliyafuata tambarare tukayapandisha. Mwendo wa saa tatu, jua mgongoni, mzigo unakusukuma shingo iingie kifuani. Ukinyamaza kwenye njia ile utalia. Sisi hatukunyamaza. Mmoja alimwiga mumewe anavyotafuta kofia aliyoivaa, mwingine akamjibu kama mke, wa tatu akaingia kama mama mkwe aliyekuja kuhesabu ndizi. Wiki iliyofuata, kabla hatujafika darajani, wenzangu wakaanza: "Turudie ile ya kofia!" Tukairudia. Kila neno likapata mahali pake njiani. Kofia ilipotea darajani, mama mkwe alifika kwenye mwinuko mkali, na ugomvi ukaisha pale tunapotua mizigo kunywa maji ya mfereji.

Siku tulipocheza mbele ya watu, Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa kupimia kahawa, wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakakumbuka kukasirika. Mume wangu akaniambia, "Sasa mmekuwa vichekesho vya kijiji."

Nikamuuliza, "Ng'ombe amekula?"

"Amekula."

"Basi."

Kiingilio hatukutoza, hata siku moja. Mwenye mkungu alileta mkungu, mwenye misumari alileta misumari, na asiye na kitu alikaa mbele kama wengine. Watu wa Kilema wakatuita. Kibosho wakatuita, gari likakwama kwenye tope, tukashuka tukatembea na nguo za mchezo kichwani. Kahe walituita wakati wa mavuno tukacheza juu ya tuta la mpunga. Tukawa kikundi, mimi nikawa mwenyekiti.

Halafu ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, kitambaa foleni, sukari ndiyo usiseme. Duka la kijiji lilipokea gunia la sukari, na wewe ukifika unaambiwa limekwisha, nawe umeliona likishushwa. Tukatunga mchezo wa duka. Jirani yangu, mfupi kuliko sote na mwenye sauti kama tarumbeta, alikuwa na mstari mmoja: "Sukari imeingia mlango wa mbele, imesalimia, imetokea mlango wa nyuma!" Watu waliupenda mstari ule kuliko mchezo wenyewe.

Tukaalikwa mjini, kwenye ukumbi, mbele ya wakulima wa wilaya nzima. Hatukuwa tumewahi kucheza ukumbini. Ili twende tulihitaji kibali cha katibu kata.

"Leteni maandishi," akasema.

"Hatuna maandishi, Ndugu Katibu. Tunayo kichwani."

"Kichwani si ofisi. Kaeni hapo, semeni, niandike."

Tukakaa kwenye benchi, sote tisa, mikono mapajani kama watoto wa kipaimara. Akashika kalamu. Aliyetakiwa kuanza alinitazama mimi, mimi nikamtazama jirani, jirani akatazama dari. Neno halikuja. Mchezo ule tuliujifunza tukipanda mlima, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusema amekaa.

Katibu akacheka. "Kikundi gani hiki? Bubu watupu! Rudini mkapike."

Nilihisi masikio yanawaka. Nje, kwenye ua, mizigo yetu ilikuwa imeegemea ukuta, maana tulipita pale tukitoka tambarare. Nikawaambia wenzangu, "Inukeni. Jitwisheni."

Tukaweka ngata, tukajitwisha, tukaanza kuizunguka ofisi. Kabla ya kona ya kwanza maneno yakaja yenyewe. Katibu akatoka na karatasi, akakaa kwenye ngazi. "Polepole, mama!"

"Mzigo mzito, Ndugu Katibu, hausubiri. Andika!"

Duka la kijiji lilikuwa jirani na ofisi. Foleni ikageuza shingo, kisha ikageuza miguu. Mzunguko wa tatu tulikuwa na watu wengi kuliko mnada. Jirani yangu aliposema mstari wake, foleni nzima ilipiga kelele na muuzaji akafunga dirisha. Katibu akasimamisha kalamu.

"Vipi, wino umekwisha?" nikamuuliza nikipita.

Akaandika. Lakini aliponikabidhi karatasi yenye muhuri, mstari wa sukari ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu. "Huu hausemwi," akaniambia peke yangu. "Ukisemwa, nyote tisa mtajibu. Umeelewa?"

"Nimesikia."

Katika sisi tisa, mimi ndiye niliyesoma, na nilisoma hadi darasa la tatu tu. Wenzangu wangeona muhuri wakafurahi, basi. Nikaikunja karatasi nikaitia kifuani. Nikiwaambia, watakuwa wamejua, na watajibu. Mume wa jirani yangu alikuwa balozi wa chama wa nyumba kumi, angemzuia asitoke. Nisipowaambia, mwenye kosa ni mmoja. Nilipima hivyo njia nzima mpaka nyumbani. Kuukata mstari wenyewe sikukufikiria. Wangapi kati yetu walikuwa wanakunywa chai ya chumvi kwa kukosa sukari?

Ukumbini Moshi, katibu alikaa safu ya mbele na suti yake ya kaunda. Jirani yangu akajaza kifua hewa, akausema. Ukumbi ulisimama. Mzee mmoja alirusha kofia juu isirudi mkononi mwake. Wenzangu waliinama, wakafurahi, hawajui. Mimi nilikuwa namtazama mwenye suti.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa katibu.

"Hukuona wino mwekundu?"

"Niliuona."

"Wenzako je?"

"Hawajui kusoma, na mimi sikuwasomea. Hawana kosa. Andika mimi."

"Unaringa?"

"Naringa."

Akaniandika. Uenyekiti akaniondolea, na jukwaa lolote ndani ya kata nisilikanyage mpaka atakapoamua mwenyewe. Wale wanane akawaacha, maana hakuwa na la kuwashitaki. Nilitoka pale kichwa juu.

Asubuhi iliyofuata nilichukua mundu na kamba, nikawapitia wenzangu mlango kwa mlango. Walikuwa wameshasikia. Jirani yangu alisimama kizingitini, macho mekundu, hajui anikumbatie au anipige.

"Mama, si umekatazwa?"

"Nimekatazwa jukwaa. Kwenda majani nani kakataza?"

Tukashuka. Tulikata, tukafunga, tukajitwisha. Tulipofika darajani nikamwambia jirani yangu, "Leo wewe utakuwa katibu. Tunisha tumbo, tafuta kalamu, anza."