Nyama Imesafiri, Dawa Haijaja

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu kliniki, Kisauni. Kando yetu aliketi mama mmoja wa mtaa wa Mjambere aliyekatwa titi kwa saratani. Mtafiti, binti mpole, alikuja kumshukuru. Alimweleza kwamba kipande cha uvimbe wake kilipelekwa ng'ambo, kikalinganishwa na vya wanawake wa nchi nyingine, ili ijulikane jeni zipi zimelala na zipi zinafanya kazi kupita kiasi.

"Na wangu mumeuonaje, mwanangu?"

"Wako una jeni moja kali sana, mama. Wanawake wa huko wenye uvimbe kama huo hupewa dawa ya kuituliza."

"Alhamdulillahi! Mimi n'taanza lini?"

Binti akainamisha kichwa. "Hapa kwetu haijafika."

Mama akavuta buibui, akafunika pale palipokuwa na titi. "Basi wasalimie hao wenzangu," akasema taratibu. "Waambie wakipona, waniombee."

Dada yangu aligeuka ukutani, akalia.

Siilaumu sayansi. Nyama ya mama yule ilipata barafu, ndege na watu wa kuipokea. Dawa yake ndiyo tunayoambiwa kwamba usafiri wake ni mgumu.