Kona ya Bibi Nhonya

Mbuzi wamekwenda malishoni na nyumba imebaki wazi. Perisi Ndahani anapiga magoti ndani ya tembe la jirani yake na kumimina maji yanayochemka kwenye nyufa za sakafu. Anangoja kidogo, kisha anachokonoa ufa mmoja kwa kijiti. Papasi watatu, wale kupe wa nyufani, wanatoka, bapa, rangi ya vumbi, miguu imelegea.

"Hawa hapa wapangaji wako," anamwambia mwenye nyumba, Mama Lyoba. "Miaka yote hii unawalaza bure."

"Bure wapi, mwenzangu? Wanakula wao, nakonda mimi."

Perisi, mama wa miaka arobaini na tisa, ni fundi wa sakafu katika kijiji cha Mzogole, kusini mwa Dodoma. Huchimba udongo wa zamani, akautoa nje na kuuchoma pamoja na wote waliomo. Kisha hujaza udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na mavi ya ng'ombe, akaushindilia kwa gogo mpaka ulie kama ngoma. Mwenye uwezo huongeza saruji juu. Chumba kimoja humpatia shilingi elfu kumi na tano, na asiye na fedha humpa debe la uwele.

Kazi ni ngumu, lakini si udongo unaomchosha. Kinachomchosha ni ombi analokutana nalo karibu kila nyumba, na leo Mama Lyoba naye amelitoa.

"Ile kona ya mafigani uniachie, Perisi. Usiiguse."

Msomaji asicheke. Wazee wa hapa wameona kwa macho yao kwamba papasi wa nyumba humwangusha mgeni kwa homa, na mwenyeji huamka akaenda shamba. Aliyeng'atwa tangu utoto mwili wake umezoea. Ndiyo maana zamani mtu akihama alibeba papasi wachache ndani ya kitambaa, ili asije akawa mgeni akirudi kwao. Na ndiyo maana hadi leo sakafu ikitengenezwa, kona moja huachwa.

Wanachosahau ni kwamba wenyeji wamo wa aina nyingi. Mjamzito ni mwenyeji, lakini homa ya papasi haimwonei haya.

Perisi alilijua hilo kwa mtoto wake mwenyewe. Damari aliolewa mjini, akakaa miaka sita katika nyumba ya saruji. Mimba yake ya kwanza ilipokua alirudi kujifungulia kwa mama yake, kama desturi inavyotaka. Alilala chini, kwenye ngozi, karibu na bibi yake.

"Homa ilimpiga siku chache, ikamwacha," anasimulia Perisi. "Tukapika kuku, tukashukuru. Baada ya wiki ikarudi. Safari hii ilirudi na mwenzake, uchungu."

Zahanati walitoa tone la damu wakaliweka kwenye darubini. Wadudu walikuwamo, wembamba, wamejisokota kama uzi uliokatika. Dawa ilimwokoa Damari. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Sasa Damari ana mimba nyingine, miezi saba. Wakwe zake wanataka ajifungulie mjini. Yeye amempigia mama yake simu akasema anakuja, mradi sakafu yote iwe imeshindiliwa. Yote.

Na nyumbani kwa Perisi, fundi aliyetengeneza nusu ya kijiji, imebaki kona moja. Anaishikilia mama yake mzazi, Bibi Nhonya, ambaye ametandika ngozi yake juu ya nyufa zile na hahami.

Jioni, Perisi anarudi na gogo lake begani. Bibi yuko palepale, anachambua mlenda.

"Mama, leo unaniachia nafasi?"

"Nenda kashindilie kwa watu. Hapa umeshamaliza."

"Damari anakuja Jumamosi."

"Aje. Nimemkataza? Papasi wa humu wananijua mimi. Nimezaa tisa juu yao."

"Na umezika wangapi, mama?"

Bibi haachi kuchambua, ila mkono umepungua mwendo. "Wanne," anasema. "Tukaambiwa ni jicho la mtu."

Perisi anakaa chini kando yake. Amebishana miezi miwili, na leo hana tena sauti ya kubishana.

"Wewe ni mwenyeji, sikatai. Mimi pia. Lakini huyo aliye tumboni, mama, papasi gani anamjua? Hata sisi hatumjui. Huyo ni mgeni kuliko wageni wote."

Bibi anaweka mlenda wake kando. Kisha anaegemea ukuta, anainuka kwa kuguna, anaikamata ngozi kwenye pembe na kuiburuta hadi mlangoni.

"Na mimi nilale wapi?"

"Kitandani, na Damari."

"Nitaanguka."

"Utalala upande wa ukutani."

"Damari anapiga mateke huyo, tangu mdogo," anasema Bibi, naye ameshaitoa ngozi nje, juani.

Perisi analia kidogo, waziwazi, huku akitia maji chunguni. Hajui kama zahanati itakuwa na dawa siku ya kujifungua, wala kama wakwe watamruhusu binti. Ana mpango wa kuwafundisha wanawake wengine wanne ushindiliaji kabla ya mvua, na safari hii hataacha kona kwa mtu yeyote, hata akikosa kazi.

Akiulizwa anatamani nini zaidi, hafikirii mara mbili.

"Nataka mtoto alie humu ndani. Alie mpaka majirani waje kulalamika. Yule wa kwanza hakulia."